Mtu wa Kula

Mchungaji wetu aliniomba niandike haya baada ya akina mama watatu wa usharika kuja kwangu kwa siri, kila mmoja kwa wakati wake, wakafunga mlango wa jiko langu na kunionyesha matiti yao. Wote niliwaambia jambo moja: nenda hospitali wiki hii hii, usingoje sikukuu yoyote ipite. Hilo ndilo kubwa, na msomaji mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Atakayebaki nitamweleza mambo mengine ambayo daktari hana muda wa kumweleza, na moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulifanya.

Watu huniita Mama Elisante, kwa jina la kijana wetu wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam. Nina miaka hamsini na minne. Tunaishi mlimani, juu ya Nkoaranga, mahali ambapo njia ya kwenda kanisani ni ya kupanda na ya kurudi ni ya kuteleza. Mume wangu, Baba Elisante, analima kahawa na ndizi, na ni mtu wa maneno machache. Nyumba ya pili katika kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, ilikuwa ya mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Mimi nilimwita mama, kwa heshima na kwa kumwogopa.

Lazima nieleze hofu hiyo ilitoka wapi. Mimi si mtoto wa mlimani. Nimezaliwa tambarare, chini ya Kikatiti, kwenye vumbi na mahindi, ambako ndizi tulizinunua sokoni kama watu wa mjini. Wiki ya kwanza ya ndoa nikaambiwa nipike mtori, yaani zile ndizi zinazochemshwa na nyama kisha zikapondwa mpaka ziwe kama uji mzito. Nilipika kitu ambacho hata mbwa alikinusa mara mbili kabla ya kuonja. Jioni ile, nikiwa nyuma ya jiko naosha sufuria, nilimsikia mama mkwe akiwaambia majirani waliokuja kumtazama bibi harusi: "Mwanangu ameniletea mtu wa kula, si mtu wa kupika."

Majirani walicheka. Mimi sikulia. Nilisugua lile sufuria kwa jivu mpaka vidole vikaniuma, nikaapa moyoni kwamba yule mwanamke hatapata tena sababu ya kusema vile. Na hakupata. Ndani ya mwaka mmoja mtori wangu uliwashinda mabinti waliozaliwa migombani. Nilimchemshia maji ya kuoga kabla hajaamka, nikamfulia, nikamkatia ng'ombe wake majani. Na kwa kuwa niliona kazi inafunga midomo ya watu, nikaipeleka na kanisani. Miaka kumi na saba nilikuwa mwenyekiti wa akina mama wa mtaa wetu, kisha nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Msiba, harusi, kipaimara, ziara ya wageni, mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Jumapili za Chakula cha Bwana nilipanga vile vikombe vidogo vya divai, nikavigawa, nikavikusanya, nikaviosha, na mara nyingi nikasahau kunywa cha kwangu. Watu walisema yule mama ni mtumishi kwelikweli. Niliisikia sifa hiyo na niliipenda sana, siwezi kudanganya.

Mwaka niliougua, mwezi wa kwanza, zamu ya kufundisha somo la Jumatano iliniangukia mimi. Somo lilikuwa uhuru wa Mkristo. Niliwaambia akina mama kwamba Kristo ametuweka huru, na mtu aliye huru hujulikana kwa kazi zake: haketi, hachoki, hasemi hapana akiitwa. Mama Joyce, mke wa jirani yetu, mdogo kuliko sisi wote na ndiyo kwanza ameingia kwenye kikundi, akanyoosha mkono.

"Na siku nikishindwa kabisa kutumika," akauliza, "bado nitakuwa huru?"

"Usishindwe," nikamjibu.

Akina mama walipiga makofi. Siku hiyo nilikuwa tayari na uvimbe kwenye titi la kulia, mdogo kama punje ya harage, na nilikuwa naujua.

Nilijiambia nitakwenda hospitali baada ya mkutano wa akina mama. Mkutano ulipopita nikasema Kwaresima si wakati wa kujishughulikia. Kisha ikaja Pasaka, na Pasaka haiwezi kupita bila mimi. Masika ilikuwa imeshika kabisa, njia zote ni tope, siku Baba Elisante aliponiona naanika nguo kwa mkono mmoja. Akaniuliza mara moja tu, na kesho yake asubuhi akanipeleka mwenyewe. Punje ya harage ilikuwa imeshakuwa ndizi mbivu ndogo, zile za watoto.

Upasuaji sitauelezea, maana nililala. Nitaeleza kuamka. Niliamka nikiwa na bandeji nzito upande mmoja, na jambo la kwanza nililofanya ni kuuliza kama Jumapili ile kuna aliyepanga vikombe. Nesi alidhani dawa ya usingizi bado imo kichwani. Siku ya kutoka alinikalisha akaniambia kwamba wameondoa titi pamoja na tezi za kwapani, na kwamba kuanzia sasa mkono wa kulia ni wa kutunzwa kama mtoto mchanga: usibebe ndoo, usiinue mzigo, usiungue, usikatwe na kisu. Nilimwitikia ndiyo kwa kila neno. Moyoni nilikuwa nahesabu nani anaweza kunishikia mwiko, na kwa muda gani.

Nyumbani Baba Elisante alihamia chumba cha watoto. Alisema anaogopa kuniumiza usingizini. Mimi nilisikia kitu kingine, nikaacha kuvua blauzi mbele yake, hata wakati wa kubadilisha bandeji. Tuliishi hivyo, tukipishana sebuleni kama wageni wa harusi ya mtu mwingine. Kulikuwa na huzuni ndani ya nyumba ile ambayo hakuna aliyetaka kuigusa.

Dripu za dawa zilianza mwezi wa sita, baridi ilipoanza kushuka na ukungu haupandi mpaka saa nne. Zilipangwa ziwe sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, na niliitazama ikiingia mkononi tone kwa tone huku najiuliza kama damu inaweza kukosea njia. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi marefu ya mbao, na sisi wanawake wenye mitandio tulikaa tukipanga foleni ya kadi. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Tuliulizana tu, "Wewe uko ya ngapi?" kama vile watoto wanavyoulizana madarasa. Jirani yangu wa benchi alikuwa mama wa Nduruma, mkulima wa vitunguu, mwenye kicheko kikubwa kisichofaa mahali pale. Alinikatia kipande cha ndimu nikimung'unye dawa inapoingia, na kweli kichefuchefu kilipungua. Dripu ya kwanza, ya pili, tulikuwa pamoja. Alikuwa mbele yangu kwa mbili, ingawa yeye alipangiwa nyingi kuliko zangu.

Nywele zilitoka wiki ya tatu, zikabaki kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Mdomoni kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa, mimi niliyekaanga magunia, ilinifanya nikimbilie nje. Baada ya kila dripu nililala siku nne kama mtu aliyepigwa, kisha siku ya tano naamka polepole nikishika kuta.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Dripu ya tatu ilipangwa Alhamisi, na Jumapili ya wiki ileile ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo kila nyumba huleta ilichojaliwa, mikungu ya ndizi, mayai, mbuzi, debe za mahindi, vinauzwa kwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada, na akina mama hupikia watu wote pamoja na wageni wa usharika jirani. Nilijua nikichomwa dripu Alhamisi, Jumapili nitakuwa kitandani. Nilipiga simu hospitali nikasema nimefiwa, naomba wiki moja. Aliyepokea simu akanipa pole. Mume wangu nilimwambia hospitali ndio waliosogeza tarehe.

Sikusema uongo ule kwa wepesi. Niliusema nikiamini namfanyia Mungu jambo, kwamba akiniona nimetoka kwenye ugonjwa kuja kumpikia watu wake, hawezi kuniacha. Ndani kabisa, chini ya imani hiyo, kulikuwa na hofu ndogo ya zamani ya binti wa tambarare aliyesimama nyuma ya jiko. Kama sipiki, mimi ni nani?

Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda. Akina mama walinilaki kwa vigelegele, wakaniwekea kiti, na kile kiti sikukikalia hata dakika tano. Mama Joyce alikuwa anahangaika na sufuria kubwa la pilau, hajui kuliteremsha. Nilimsogeza pembeni, nikashika sikio moja kwa mkono wa kulia, nikainua. Mvuke ulinichoma kuanzia kiganjani mpaka kiwiko. Sikuliachia. Nililifikisha chini, nikachota, nikahudumia mpaka mgeni wa mwisho, na watu walisema Mungu ni mwema, mtazameni.

Jumatano yake mkono ulikuwa mwekundu na umevimba hata kidole hakikunji, na homa inanitetemesha. Nililazwa siku tisa. Dripu ya tatu ikasogezwa karibu mwezi mzima. Daktari hakunikemea, aliniuliza tu marehemu alikuwa nani kwangu, na nikageuzia uso ukutani, na Baba Elisante aliyekuwa amesimama pale akaelewa kila kitu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Mkono huu haujarudi ulivyokuwa hadi leo ninapoandika kwa wa kushoto.

Siku ya tatu wodini, saa ya kuona wagonjwa, mama mkwe alisimama mlangoni. Alikuwa amepita miaka themanini, mgongo umepinda, na tangu afiwe na mumewe hakuwahi kwenda mbali kupita soko la chini. Alishuka mlima kwa miguu, akapanda gari, akaulizia njia mpaka akanifikia. Mkononi alikuwa na kikapu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani alikutuma uinue sufuria?"

Nikasema ilikuwa kazi ya Mungu.

"Mungu nitamuuliza mwenyewe, muda wangu si mrefu. Sasa nakuuliza wewe."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaingiza mkono kikapuni, akatoa jani la sale lililofungwa fundo. Sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu mlimani mtu aliyemkosea mwenzake akimletea jani hilo amekwisha kujishusha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Nimeona ndugu waliogombania mpaka wa shamba wakipatanishwa nalo. Sijawahi kuona wala kusikia mama mkwe akimletea mke wa mwanawe.

"Siku ile ya mtori wako wa kwanza," akasema, "nilisema neno, na nilijua uko nyuma ya jiko. Nilitaka ulisikie. Tangu hapo umenitumikia kama mtu anayekimbia fimbo. Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa napata maji ya moto. Kisha ukaenda kukimbia vilevile na kanisani, wakakupigia makofi. Mimi ndiye niliyekufunga, mama. Nimekuja kukufungua."

Jani la sale hupokewa kwa mikono miwili. Wa kushoto ulikuwa na dripu ya maji na wa kulia sikuweza kuunyanyua. Akaona, akaliweka mwenyewe juu ya shuka, kifuani, upande usio na titi.

Na mimi, mzee wa kanisa, mwalimu wa somo la uhuru, nilimjibu nini? Nilisema, "Haina neno, mama." Ndivyo tunavyosema mtu akitumwagia chai. Bado nilikuwa namwogopa, na mtu anayeogopa hasamehe, anajibu kwa adabu tu. Alinitazama kwa muda, akingoja, nadhani, kama kuna jingine nyuma yake. Halafu akafungua chupa pana ya uji, mvuke wa ndizi na nyama ukatoka, akachota kwa kijiko.

"Basi kula," akasema. "Mwanangu aliniletea mtu wa kula."

Nilikula nikilia. Ulikuwa mtori wa kwanza katika maisha yangu ya ndoa ambao sikuupika wala kuusimamia, na ndiyo siku pekee katika miezi ile ambayo chakula hakikuwa na ladha ya chuma.

Tangu niliporudi nyumbani yeye ndiye aliyevuka uwanja kila asubuhi na bakuli, hatua fupi fupi, kanga begani. Mimi sikuwa mgonjwa mzuri. Nilikuwa nainuka kutandika kitanda akiingia, nafuta meza, namtafutia kiti. Alikuwa anasema "Keti," na nisipoketi anasimama na bakuli lake mpaka niketi. Aliniogesha. Aliliona kovu langu la kifuani kabla ya mume wangu, akalipaka mafuta bila kukunja uso, kisha akamwita mwanawe aje kushika beseni. Baba Elisante aliingia ameangalia chini. Mama yake akamwambia atazame, kwamba huyu ni mke wake na hajapungua. Alitazama. Usiku huo alirudi chumbani kwetu na godoro la watoto likabaki tupu. Baada ya hapo nilimsikia anakwenda kuchota maji alfajiri ili wanaume wenzake wasimwone na ndoo, na kufikia mwezi wa tisa alikuwa anachota saa tatu asubuhi, watu wote wanapita, na anawasalimia.

Baada ya dripu ya tatu nilitaka kuacha. Mwili ulikuwa umechoka, lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo. Nilimwambia mama mkwe kwamba sioni maana ya kumbembeleza Mungu anibakishe hapa, mtu asiyeweza hata kuinua kikombe cha ibada. Nilimwambia mtumishi asiye na mikono ni wa kazi gani. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Elisante alipokuwa mchanga," akasema, "alikufanyia kazi gani?"

Nilikumbuka nilivyomkesha yule mtoto, kikohozi chake, na jinsi ambavyo ningempiga mtu kwa mawe kama angeniuliza anafaa kwa nini. Wiki ile nilikwenda kuulizia tarehe ya dripu ya nne. Kama kuna siku mahubiri yote niliyoyasikia tangu kipaimara yalinifikia, ni ile, karibu na maganda ya ndizi. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ya Baba kama kibarua anayeogopa kuachishwa kazi, na kumbe wakati wote nilikuwa mtoto wa nyumbani.

Dripu ya nne ilipita. Ya tano, mwishoni mwa mwezi wa tisa, kahawa inaiva, nilifika mapema nikaketi kwenye benchi letu, nikamwekea mama wa Nduruma nafasi kwa mkoba wangu. Siku ya dripu ya nne sikumwona, nikadhani amesogezewa tarehe. Saa sita nikamuuliza nesi. Nesi akaniambia pole. Nilikuwa na ndimu yangu siku hiyo, nimeikata vipande viwili.

Nililia njia nzima, na katika kulia kwangu lile jibu la wodini likanirudia. Nilijua sasa kwamba nimemsamehe mama mkwe, kwamba hofu imeondoka bila kuaga, na kwamba ninampenda yule bibi kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamke yeyote tangu mama yangu afariki. Nilijua pia kwamba hajui. Ningeweza kumwambia jioni hiyohiyo. Lakini nilitaka kumwambia vizuri. Nikapanga kwamba nikimaliza dripu ya sita, mkono wa kushoto ukipata nguvu, nitampikia mtori mimi mwenyewe, nitamvushia uwanja kwa bakuli zuri, nitampa kijiko, na hapo ndipo nitakaposema. Hata msamaha nilitaka uende na chakula nilichokipika. Tabia ya miaka ishirini na nane haifi kwa dripu tano.

Asubuhi moja ya mwanzoni mwa mwezi wa kumi bakuli halikuja. Nilingoja, nikadhani amechelewa kuamka. Jua lilipofika kwenye dirisha nikavuka uwanja mimi, nikishika ukuta wa zizi. Alikuwa ameketi jikoni kwake kwenye kigoda, ameegemea ukuta, kisu kimelala mapajani. Ndizi nusu zilikuwa zimemenywa, ziko kwenye beseni la maji. Nusu bado zilikuwa na maganda. Zile zilizomenywa na kubaki nje ya maji zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nilimgusa shavu, nikaketi sakafuni kando yake. Nilimwambia kila kitu hapo, na nilijua kabisa kwamba nimechelewa.

Baba Elisante alitukuta hivyo. Alimbeba mama yake kitandani, akamfunika, akapiga simu kwa mwinjilisti na kwa ndugu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alirudi jikoni, akamalizia kumenya zile ndizi, akawasha moto. Mwanamume yule hajawahi kupika hata chai mbele yangu. Majirani walioanza kuingia walidhani msiba umemchanganya, na pengine ni kweli. Mtori ulipoiva aliuponda kwa nguvu na hasira, akaniletea kwenye bakuli la mama yake.

"Kula, Mama Elisante," akasema. "Alikuwa anakupikia wewe."

Ulikuwa na mabonge, umeshika moshi, na hauna chumvi. Ulifanana sana na ule wangu wa kwanza. Niliumaliza wote.

Kwenye msiba ule sikupika. Nilikalishwa mkekani na wafiwa wengine, kichwa kikiwa kipara chini ya kanga, nikasikia masufuria yangu yakigongana nyuma ya nyumba bila mimi. Mara mbili miguu ilitaka kuinuka. Mama Joyce alikuja na jagi la maji na beseni, akapiga magoti, akaninawisha mkono wa kushoto kisha kwa taratibu ule uliovimba, kidole kwa kidole, na sikumwambia aache. Pilau iliungua kidogo chini. Watu walikula wakashiba, na Bibi akazikwa katika kihamba chake, na tukampandia sale kaburini.

Dripu ya sita niliimalizia mvua za vuli zikianza. Vipimo tangu wakati huo vimekuwa vizuri, na kila miezi sita narudi kupimwa nikiwa na hofu ileile, msidhani inazoeleka. Jumapili niliporudi kanisani ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Mama Joyce alikuwa amepewa kazi yangu ya vikombe na aliniangalia kwa wasiwasi, kama ataniona nakuja kumsogeza pembeni tena. Nilikwenda nikapiga magoti kwenye safu pamoja na wengine, mikono mitupu. Kushoto kwangu alikuwa mzee mmoja anayenuka tumbaku, kulia kwangu binti wa kwaya. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amepika kilichokuwa mezani. Nilielewa hapo kwamba neno nililolikimbia miaka yote ndilo jina langu mbele za Mungu, na la mzee wa tumbaku, na la mchungaji pia. Mtu wa kula. Sisi Walutheri hatuzungumzi na marehemu, kwa hiyo nilimwomba Mungu amfikishie mama mkwe jibu langu, kama utaratibu unaruhusu. Mama Joyce aliinama akanipa kikombe, na safari hii nilikunywa cha kwangu.

Baadaye nilimjibu lile swali lake la Jumatano, mbele ya wale wale waliopiga makofi. Nilimwambia, ndiyo, utakuwa huru, na mimi nilikufundisha vibaya. Bado ninatumika. Natembelea wagonjwa, nabeba chupa ya uji kwa mkono wa kushoto, nakaa nao kwenye mabenchi. Nikichoka nasema nimechoka, narudi nyumbani, na hakuna kilichoanguka.

Wewe unayeanza safari hii, watakuletea bakuli. Litaletwa na mtu ambaye hukumtegemea, pengine mtu aliyekuumiza. Usiinuke kutafuta kiti wala kufuta meza. Kula. Na kama aliyekuletea anangoja neno kutoka kwako, mwambie kabla hujamaliza kula. Mimi nilikuwa na wiki kumi za kumwambia, na nilizitumia zote kupanga nitakavyopika.